Idhini ya Kurusha Moto

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, mtaa kwa mtaa, kwamba kuanzia asubuhi ile raia yeyote asirushe mpira wa moto, uwe wa kweli au wa kwenye skrini, bila idhini ya Mkurugenzi wa Kinga ya Moto.

Mkaguzi aliyepewa kazi ya kusimamia agizo hilo alikuwa mtu wa kanuni. Hata nyumbani, mkewe hakuwasha jiko kabla ya kuulizwa ndoo ya mchanga iko wapi. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda la michezo ya video la mjane mmoja aliyeitwa Mama Vifungo, akavua kofia, akatazama pambano. Kwenye skrini, mpiganaji alikutanisha viganja, akapiga ukelele, donge la moto likamtoka mikononi na kumlipua mwenzake.

"Huyu aliyeungua amelazwa hospitali gani?" aliuliza Mkaguzi.

"Anaamka mwenyewe, baba. Unabonyeza hapa tu."

Mkaguzi aliinama, akainusa skrini. Haikuwa na harufu ya moshi, na hilo lilimtia wasiwasi zaidi. Moto usio na moshi una jambo unaloficha.

Banda likafungwa. Mama Vifungo, aliyekuwa akiwalisha wanawe kwa banda hilohilo, alihangaika nenda rudi ofisini kwa Mkurugenzi mpaka viatu vikalika visigino. Kamati ikaundwa kusikiliza shauri lake; ikakaa, ikala, ikakaa tena. Hatimaye ikaamua banda lifunguliwe, ila kitufe cha kurushia moto kibandikwe lakiri. Mchezaji akitaka kurusha, Mkaguzi apige simu ofisini, Mkurugenzi aridhie, ndipo lakiri ibanduliwe. Makofi na mateke, kwa kuwa hayawaki, hayakuguswa.

Siku ya uzinduzi Mkurugenzi alifika na waandishi wa habari. Alikuwa amejifunza mchezo kwa siri kwa mpwa wake, na alichojifunza ni mpira wa moto basi. Akamtaka Mama Vifungo awe mpinzani wake.

"Usinionee haya, mama. Cheza kama kawaida."

"Haya, mkubwa."

Pambano lilipoanza, Mkurugenzi alinyoosha mkono. "Naomba kurusha." Kamera zikamulika. Mkaguzi, kifua mbele, akapiga simu na kufungua spika wote wasikie.

"Ofisi ya Mkurugenzi," alijibu katibu muhtasi.

"Tuna ombi la mpira mmoja wa moto. Ni la dharura."

"Mkurugenzi ametoka kidogo."

Kwenye skrini, kofi likamwingia Mkurugenzi barabara. "Samahani, mkubwa," alisema Mama Vifungo, akamzaba la pili.

"Bandua hiyo lakiri," Mkurugenzi alinong'ona.

"Natamani, mkubwa. Lakini agizo linasema idhini itoke ofisini, na saini ni yako."

Mkurugenzi akaipokonya simu. "Dada, ni mimi. Mkurugenzi."

"Kila anayepiga hapa ni Mkurugenzi, au ni shemeji yake. Jaribu kesho, baba." Simu ikakatwa.

"Pole, mkubwa," alisema Mama Vifungo. Lilikuwa teke. Mpiganaji wa Mkurugenzi akalala chali, na watu waliojazana mlangoni wakakohoa kwa pamoja, kwani kucheka hakujatolewa mwongozo.

"Usikate tamaa," Mkaguzi alimfariji kwa moyo mweupe. "Twende ofisini ukaombe ana kwa ana. Unayo haki kama raia yeyote."

Mkurugenzi alitaka kumtukana, lakini kamera zilikuwa zikimtazama. Akatabasamu, akasema yeye ni wa kwanza kuheshimu utaratibu. Waandishi wakamfuata hadi kwenye korido ya ofisi yake. Hapo ndipo alipokwama: akipita mlangoni, ataonekana ameruka foleni. Akaketi kwenye benchi, nyuma ya bibi mmoja aliyekuwa akisinzia. Mkaguzi akaketi kando yake, akijivunia sana bosi wake.

Katibu muhtasi alipita na birika la chai, asiinue macho.

"Mnaomsubiri Mkurugenzi," alisema, "bado hajarudi."