Chati ya Ulaji wa Bwawani

Umma unatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna kiumbe atakayemla mwenzake katika bwawa la Idara bila kibali. Tangazo hilo nililiandika mimi mwenyewe, Mkurugenzi wa Ulaji wa Majini, nikalisoma mara tatu kwa kulipenda.

Chanzo ni mdogo wa mke wangu, fundi wetu wa maabara. Aliniwekea tone la maji kwenye hadubini, nikaona vidudu wenye miguu ya manyoya wakijisombea bakteria mdomoni. Hakuna foleni, hakuna hata kuombana radhi.

"Bakteria ni mali ya umma," nikasema. "Hawa wanaitafuna mchana kweupe!"

"Shemeji, ndiyo kazi yao. Wao wanakula bakteria, vifaranga wangu wa samaki wanawala wao. Ukiwaondoa, vifaranga watakufa njaa na maji yataoza."

"Una barua inayosema hivyo?"

Hakuwa nayo. Nikampa onyo la mwisho: akibisha tena, atahamishiwa stoo. Kamati yangu ikachora chati ya ulaji: bakteria chini, vidudu juu yao, kisha samaki, na kileleni kabisa, kwa wino mwekundu, Mkurugenzi. Nikaitundika nyuma ya kiti changu. Jumatatu jioni vidudu wote wakachujwa kwa kitambaa na kumwagwa, maana hakuna hata mmoja aliyekuja kuomba kibali.

Siku ya tano vifaranga wakaelea matumbo juu. Shemeji aliwachota kwa ndoo huku machozi yanamtoka, na kusema kweli niliona aibu. Lakini cheo ni cheo. Nikawaita wafanyakazi wote kando ya bwawa, nikachota glasi ya maji. Yalikuwa mazito, yananuka soksi.

"Bwawa letu sasa lina amani," nikasema, nikayanywa yote.

Hotuba yangu ilikuwa ya saa mbili. Kabla haijafika nusu, tumbo nalo likaanza kuhutubia. Nikatimua mbio. Karani wa mahudhurio akanizuia kwa heshima zote, kwa kufuata kanuni niliyoitunga mwenyewe.

"Samahani mzee, fomu ya kutoka mkutanoni. Nakala tatu, saini ya Mkurugenzi."

"Mkurugenzi si ndiye mimi!"

"Basi saini, mzee. Fasta tu."

Nilisaini ya kwanza. Ya pili sikuiwahi.

Siku tatu nililazwa. Ya nne Shemeji akaja na majibu ya vipimo na ile chati yangu.

"Pole, Shemeji. Bakteria walikosa wa kuwala, wakazaana, wakakula wewe." Akanipa kalamu nyekundu. "Sahihisha."

Nikakikata cheo changu kule kileleni, nikakiandika chini kabisa, chini ya bakteria. Akasoma, akagonga mhuri. Ulikuwa mhuri wa Kaimu Mkurugenzi.

Siku hizi niko stoo. Kila asubuhi nachota ndoo ya maji yenye vidudu hai kwenye bwawa la jirani, nakuja kuimwaga kwenye letu. "Karibuni, kuleni mpaka mshibe," nawaambia. Wananipita bila hata kunitazama, na siandiki barua.