Brevet ya Kusikiliza

Jumatatu, 12 Juni 2023
Nimefika mjini Baraka kwa mafunzo ya uzazi wa mpango. Nikikosa brevet, cheti cha mafunzo haya, kituo chetu cha afya cha Lubondja hakitaletewa vijiti vya mkononi vya kuzuia mimba, na akina mama wataendelea kurudi nyumbani bure. Sitakosa! Mimi, Zénon, infirmier, muuguzi wa miaka mingi! Pembeni yangu ameketi Jocelyne, mkunga kutoka Misisi. Mpole mno. Nimemwambia asiogope, nitamsaidia.

Jumanne, 13 Juni
Kuweka kijiti kwenye mkono wa plastiki: safi! Kisha kushauri. Mwalimu wetu, Mama Constance, alijifanya mteja. Nikamweleza njia zote, faida zote, na habari zangu za wakati wa kipindupindu. Akasema sikumpa nafasi hata ya kutaja jina lake. Jocelyne aliuliza swali moja tu, akanyamaza. Akapigiwa makofi. Makofi ya kunyamaza!

Jumatano, 14 Juni
Kesho mtihani. Kila mmoja aje na mama anayetaka ushauri kweli, asiwe mtu wa nyumba yake mwenyewe. Basi nimemwita mke wangu, Marie-Rose, kutoka Lubondja, ajifanye hanijui. Nimemfundisha kuitikia, "Ndiyo, muganga." Alikuwa na jambo la kuniambia. Nikamwambia ashike majibu kwanza. Akacheka, akamaliza kula ndagala zangu zote.

Alhamisi, 15 Juni
Aibu! Mbele ya Mama Constance nilimuuliza Marie-Rose anataka nini. Akasema ana batoto sita, mugongo umechoka, anataka kupumzika kuzaa. Anatafuta kumwambia bwana yake tangu mavuno ya muhogo, lakini bwana iko anashauri Lubondja yote, haachi nafasi. "Mi naongeaka na sufuria," akasema, akaninyooshea kidole. "Ule bwana ni huyu."

 Nampenda mwanamke huyu, na sikujua kwamba amechoka hivyo.  Alisema mpaka akamaliza, ndipo nikamuuliza anapenda njia gani. Kijiti. Jocelyne ndiye aliyemwekea, mimi nikimshika mkono wa pili.

Mama Constance alicheka mpaka akashika meza. Akasema udanganyifu wangu ameuona, ila ameona pia muganga aliyesikiliza mpaka mwisho. Brevet nimepata!

Ijumaa, 16 Juni
Tumerudi nyumbani. Sasa mimi ni fundi wa kusikiliza! Nimemfundisha Marie-Rose yote, tangu tulipokula bugali mpaka watoto walipolala: kumtazama mtu, kutomkata maneno, kunyamaza. Mara mbili alifungua kinywa. Nikamwomba asubiri kidogo, sehemu ya kunyamaza nilikuwa sijaimaliza.