Kibali cha Kuikumbuka Redio Kibatari

Kwa furaha kubwa, na kwa niaba ya Kamati ya Kuratibu Hamu ya Redio za Zamani, nawatangazia wananchi wote kwamba kuikumbuka Redio Kibatari sasa ni ruksa, alimradi mkumbukaji awe na kibali. Mimi ndiye Katibu wa Kamati. Naandika taarifa hii kwa sababu habari za siku ya uzinduzi wa vibali zinazozagaa mitaani zimetiwa chumvi, wakati yaliyotokea hasa hayahitaji chumvi.

Kwa wale waliozaliwa juzi, Redio Kibatari ilikuwa redio ya biashara ya hapa hapa mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Magodoro yasiyouzika ndiyo yaliyogongomelewa ukutani kuzuia kelele za barabarani. Asubuhi walitangaza misiba na mbuzi waliopotea, mchana salamu, jioni nyimbo za kuombwa. Mtangazaji akipiga chafya, mji mzima ulimtakia afya.

Kisha mwenye redio akaleta mshauri. Mshauri alivaa viatu bila soksi, akasema msikilizaji wa kisasa hataki salamu. Redio ikawa muziki mfululizo bila maneno. Baada ya miezi minane ikawa maneno mfululizo bila muziki. Ikafuata ubashiri wa mechi tangu alfajiri, na sasa ni kompyuta moja inayorudia nyimbo kumi na mbili na kujipongeza yenyewe kila wimbo ukiisha. Kila mabadiliko yalitangazwa kuwa ni maombi ya wasikilizaji. Msikilizaji aliyeomba bado anatafutwa.

Hapo wananchi wakaanza kukumbuka. Walikumbuka kwa kinyozi, walikumbuka dukani, walikumbuka hata kwenye foleni ya maji, na bila utaratibu wowote. Utafiti wetu ulibaini kuwa mtu akianza kuikumbuka redio hakomi hapo. Atakumbuka na barabara iliyoahidiwa, na zahanati iliyowekewa jiwe la msingi. Ndipo Kamati ikaundwa.

Tulianza na neno. "Hamu" lilionekana jepesi mno, kwani mtu anaweza kuwa na hamu ya chai. Tulikaa vikao kwa miezi mitatu. Likapendekezwa "uzamani", likakataliwa kwa kunuka vumbi. Likapendekezwa "kiu ya jana", tukahofia idara ya maji ingedai ni la kwao. Mwisho Mwenyekiti akapitisha "hamu-rejeshi", akagonga meza, akasema maneno yake yale ambayo kila mfanyakazi anayajua na ambayo yamechapwa kwenye kalenda ya ofisi: "Nasema na narudia: sitarudia!"

Mhuri ukachongwa siku hiyo hiyo.

Mwombaji wetu wa kwanza alikuwa mama mmoja fundi cherehani, mwenye kibanda nyuma ya soko. Ndiye aliyetushonea suti za Kamati, kwa hiyo tulimjua kwa mkono wake wa kupima viuno. Alifika dirishani na futi ya kupimia shingoni na sindano kubwa imechomekwa kwenye ukosi wa gauni.

"Mama, hamu-rejeshi yako ni ya aina gani?" nikamuuliza, kalamu mkononi.

"Ya mume wangu."

"Hiyo si ya Kamati hii. Sisi tunashughulika na redio tu."

"Basi andika ya redio. Mume wangu yumo humo humo."

Akanieleza. Mumewe alikuwa fundi viatu, amefariki mwaka wa tano sasa. Kila Jumatano alipiga simu Redio Kibatari kutoa salamu. Redio ilirekodi vipindi vyote kwenye kanda, na ilipobadilika, kanda elfu nne zikatupwa ngazini ndani ya maboksi ya sabuni. Kamati ikazichukua kwa usalama wake. Usalama wa Kamati, namaanisha.

"Picha zake ninazo, mwanangu," akasema. "Lakini picha haikohoi. Yule mzee alikuwa hasemi neno mpaka akohoe kwanza. Nataka nimsikie mara moja tu, basi."

Nilimhurumia, sitaficha. Nikampa fomu ya kurasa tisa.

Alirudi mara saba. Si kwamba tulimsumbua. Utaratibu ulikuwa wazi. Kanda haitoki mpaka isikilizwe na Kamati Ndogo, na Kamati Ndogo haikuwa na cha kusikilizia. Tuliandika barua idara ya manunuzi kuomba mashine ya kanda. Baada ya miaka miwili ikaletwa, mpya kabisa, kwenye sanduku la mbao: mashine ya kukanda unga. Kilo hamsini kwa mkupuo. Kwa kuwa ilishapokelewa na kusainiwa, haikuweza kuwa kosa, na Kamati ikaazimia kuomba nafasi ya mwoka mikate mmoja.

Ama kuhusu kanda, Mwenyekiti alitoa suluhisho la kudumu. Siku ya uzinduzi ichezwe kanda moja mbele ya hadhara, kwa niaba ya zote, na saa nane mchana zilizobaki zichomwe. Kumbukumbu zitakuwa zimeshahifadhiwa kwenye taarifa ya Kamati, alieleza, na taarifa haikusanyi vumbi kama kanda. Mtu wa mfano akachaguliwa kuwa yule mama, kwa kuwa ndiye mwombaji pekee.

Nilipomwambia hayo ya kuchoma, alianza kukunjakunja futi yake.

"Zote?"

"Isipokuwa moja, mama. Na hata hiyo tatizo ni cha kuichezea."

"Ninayo redio kaseti nyumbani. Ya marehemu."

Nikamruhusu kuingia stoo achague kanda yake. Nilidhani angechukua dakika tano, maana mtangazaji alikuwa ameandika tarehe juu ya kila moja. Alikaa saa mbili. Nilimwona akisoma, akirudisha, akichambua Jumatano moja baada ya nyingine kama mtu anayechagua vifungo. Akatoka na moja, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Kwa nini hiyo, mama?"

"Hii ina rangi nzuri," akasema. Ilikuwa ya kijivu kama nyingine zote. Nikagonga mhuri.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, na Mwenyekiti alikuwa ameagiza kompyuta ya Redio Kibatari inyamaze kwa saa moja ili sherehe irushwe moja kwa moja mji mzima. Alihutubia kwa dakika arobaini. Alisema yeye binafsi hakuwahi kuwa msikilizaji wa vipindi vya salamu, kwani wakati huo alikuwa akijisomea. Aliwaonya wanaokumbuka ovyo. "Mwenye shida afuate fomu," akasema. "Nasema na narudia: sitarudia!" Makofi yakapigwa, kwa kuwa yalikuwa kwenye ratiba.

Kisha akamwita "mama yetu huyu", kama anavyomwita kila mtu asiyemjua, na redio kaseti ikawekwa mezani mbele ya maikrofoni. Ilikuwa ya betri, mlango wake umefungwa kwa mpira, na kitufe cha kuzimia kilikuwa kimebaki tundu tu. Mama akabonyeza.

Kwanza kelele. Halafu sauti ya mtangazaji ikisema simu iko wazi. Halafu kikohozi.

Mama alishika pembe ya meza. Ukumbi mzima ulitega sikio, hata wale waliokuja kwa ajili ya soda.

"Mimi fundi viatu wa nyuma ya soko," ikasema ile sauti, taratibu. "Salamu ziende kwa mke wangu, fundi cherehani, anayenisikia hapo alipo. Mwambie chai ya leo ilikuwa tamu, nilitoka na haraka sikumwambia."

Mama alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta, na anacheka. Mimi nami nilitazama dari kwa sababu za kikazi.

"Na salamu nyingine," ikaendelea, "ziende kwa rafiki yetu Jicho la Mtaa, mpiga simu maarufu wa redio hii. Suruali yake iko tayari. Mke wangu ameziba lile tundu la makalioni, kiraka cha kijani, kitambaa cha kaki kimekwisha."

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, lakini akawahi kunyamaza.

"Ahsante fundi," akasema mtangazaji, "na bahati nzuri Jicho la Mtaa mwenyewe yuko hewani!"

"Niko hewani!" ikalipuka sauti ya kijana. "Leo nina hasira. Nimekwenda ofisi ya serikali na shida yangu, nimepewa fomu. Nimejaza, nimepewa nyingine! Hawa wakubwa ni kukalia viti tu na kunenepeana. Siku nikiwa mkubwa mimi, fomu zote nazichoma, na anayewazungusha wananchi namfukuza. Nasema na narudia: sitarudia!"

Kwa kumbukumbu rasmi, kimya kilidumu kama sekunde nne. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Heeeee!" na ukumbi ukapasuka.

"Zima!" Mwenyekiti akafoka.

Nikaruka kutekeleza. Pa kubonyeza hapakuwepo. Mwenyekiti mwenyewe akashika kitufe cha sauti, akakizungusha kushoto, na marehemu alikuwa amekifunga kinyume, kwa hiyo Jicho la Mtaa akapanda mara mbili. Sasa alikuwa anataja ofisi kwa majina. Kwa kinyozi ng'ambo ya barabara tulisikia watu wakishangilia kwa redio yao.

"Mama, zima kitu chako!"

"Inazimwa kwa sindano, baba," akajibu mama kwa adabu, akigusa ukosi wake. "Ni kazi ya kuchokoa tu."

"Basi chokoa!"

"Nachokoaje bila kibali? Fomu ya kuzima iko wapi?"

Mwenyekiti akanigeukia mimi. Nikakiri kwamba fomu ya kuzima bado haijaandaliwa, ila ile ya kuomba kanda inaweza kutumika kwa muda. Mwenyekiti aliinyakua mkononi mwangu, akasaini chini bila kusoma, ingawa nafasi ya kuandika kinachoombwa ilikuwa bado tupu. Nikagonga mhuri wa hamu-rejeshi. Mama akavaa miwani, akaandika polepole kwenye nafasi hiyo, kwa herufi za mtu anayeandika vipimo: *Kanda zote elfu nne.*

Ndipo akachomoa sindano, akachokoa. Kimya.

"Unanijua tangu zamani?" Mwenyekiti akamnong'oneza, akisahau maikrofoni.

"Mume nimemsahau sauti, mwanangu, lakini kiraka changu siwezi kukisahau. Ulipiga simu kila Jumatano. Na mimi nilikuwa nakusikiliza, nakupenda kweli. Tulikuwa tunasema, huyu kijana akipata cheo tutapumua."

 Naamini lilimwingia Mwenyekiti, ingawa hilo si la kumbukumbu rasmi.

Saa nane haikuchomwa kanda hata moja, kwani hati ilikuwa na saini na mhuri halali. Maboksi ya sabuni yalibebwa na wananchi hadi nyuma ya soko, na kila mchana kanda moja inachezwa kibandani. Walioanza kukusanyika kusikiliza ni wengi kuliko wasikilizaji wa ile kompyuta. Hakuna mwenye kibali.

Limebaki jambo moja, ambalo mitaani linapotoshwa. Ni kweli kwamba sherehe ilipofungwa, ukumbi mzima ulisimama na kungoja kumwona Mwenyekiti akigeuka, macho yote yakiwa usawa wa kiuno. Ni uzushi kwamba alikimbia. Mimi nilikuwepo, na kwenye kumbukumbu za kikao nimeandika kama ilivyotokea: Mwenyekiti, kwa heshima yake kubwa kwa wananchi, alitoka ukumbini kinyumenyume.