Mwenyekiti Kaja Kuomba Moto

Bandoo aliegesha pikipiki bila hata kuzima injini.

"Wakuu, kumekucha! Mwenyekiti anakwenda kuichoma bendera ya taifa!"

Chai ikampalia Mzee Mbaruku. Huyu hapa Mandawa tunamwita Mguu Sawa. Alikuwa mgambo, na kwa miaka mingi ndiye aliyepandisha bendera ya ofisi ya kijiji, mpaka goti lilipomrudisha nyumbani.

"Inachomwa kwa kosa gani?"

"Imechakaa, mzee. Mpya imefika jana."

"Na mimi nimechakaa. Mnanichoma lini?"

"Wewe bado," akajibu Zaitun, mwenye banda la chai. "Tunasubiri mpya ifike kwanza."

Tulikuwa bado tunacheka pale Mwenyekiti Imrani alipotokea, bendera kwapani, imepauka na kuchanika pembeni.

"Habari za asubuhi, wazee. Zaitun, dada yangu, niazime kijinga cha moto."

"Ya kijinga unayo tele kichwani!" Mguu Sawa akasimama, goti likalia ko! "Unaichomea wapi?"

"Nyuma ya ofisi."

"Nyuma ya ofisi ufuta wa watu umesimamishwa ukauke! Kwa upepo huu, jioni kata nzima inakula ufuta wa kukaanga. Na kitambaa chenyewe cha nailoni, kikiwaka kinadondosha matone ya moto. Utayazima kwa kikao?"

Bandoo akaingilia. "Mwenyekiti, usiteseke. Nipe mimi nivalishe siti ya pikipiki."

"Uikalie nchi?" Mguu Sawa akafoka.

"Aa, mzee, wapo wanaoikalia miaka nenda rudi, hujawahi kuwafokea."

Banda likaripuka kwa vicheko. Zaitun akafuta machozi kwa upindo wa kanga. "Basi izikeni."

"Tuizike? Hitma nani atapika?" nikauliza mimi.

"Wewe si ndiyo kazi yako kula hitma za watu?" Zaitun akanijibu.

Mguu Sawa peke yake hakucheka. Akaketi polepole.

"Siku namzika mke wangu," akasema, "nilitoka makaburini moja kwa moja nikaja kuishusha hiyo. Jua lilikuwa linazama, na hakuna mwingine aliyeikumbuka. Leo ichomwe kama boksi la sabuni?"

Mwenyekiti naye akaketi, sauti imemwishia.

"Sasa nifanyeje, mzee wangu? Nikiiacha ofisini panya wanaila. Nikiichoma, huyu Bandoo ananirekodi, keshokutwa nipo mahabusu."

Bandoo akaishusha simu taratibu, akaitia mfukoni.

"Mpigie mtendaji wa kata," Zaitun akasema. "Simu unayo, mdomo unao."

Mwenyekiti akapiga, akaweka sauti kubwa. Mtendaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha tukamsikia: "Asiichome mtu! Ikunjeni vizuri mniletee. Nitaifikisha wilayani, wana utaratibu wao wa kuziteketeza kwa heshima."

Zaitun akafuta meza, akatandika kanga safi. Mguu Sawa na Mwenyekiti wakashika ncha huku na huku, wakaikunja. Kila ilipofika sehemu iliyochanika, mzee alikuwa akiinyoosha kwa kiganja kama anayemfunika mtoto aliyelala. Kisha akamkabidhi Mwenyekiti kwa mikono miwili.

Tukaenda wote ofisini kupandisha ile mpya. Mwenyekiti aling'ang'ania kushika kamba mwenyewe. Tukasimama wima, Bandoo akavua kofia. Bendera ikapanda, ikafika juu, upepo ukaikunjua.

"Mwenyekiti," Zaitun akanong'ona, "mbona leo maji yamepanda juu ya mashamba?"

Tukatazama. Buluu juu, kijani chini.

"Mafuriko Mandawa!" Bandoo akapiga kelele.

Mguu Sawa akachechemea hadi kwenye mlingoti, akaitoa kamba mkononi mwa Mwenyekiti, akaishusha bendera, akaigeuza, akaipandisha upya, polepole, macho juu. Hakuna aliyecheka tena.

"Mzee," Mwenyekiti akauliza kwa unyenyekevu, "na kesho asubuhi utakuja?"

"Nitakuja. Ila kamba usiiguse."