Malalamiko Kuhusu Baraka za Jirani Yangu Donatus

Mchungaji Rhoda,
Kanisani kwetu, Runzewe.

Shikamoo Mama Mchungaji. Mimi sijambo, isipokuwa mguu ambao bado umefungwa hogo.

Kwenye semina ya Alhamisi ulitueleza walivyofundisha baadhi ya walimu wa kale wa Kiyahudi: mwenye haki huadhibiwa hapa duniani kwa makosa yake machache, ili ulimwengu ujao akute furaha tupu, na mwovu hulipwa hapahapa kwa mema yake machache, ili huko asidai kitu. Nashukuru sana kwa somo. Sasa naomba kulalamika.

1. Mimi ni mzee wa kanisa, sinywi, sigombani na mtu. Duara langu, yaani shimo langu la kuchimbia dhahabu, likatitia nikiwa ndani, nikavunjika mguu. Nimetafuta kosa linalolingana na mguu mzima, sijaliona. Labda ni kusinzia kwenye mahubiri yako.

2. Donatus, tunayepakana naye machimboni, alisogeza mpaka hadi kwangu, kisha akamtukana mke wangu Nyamizi kisimani, mbele ya watu. Mwezi huohuo akapata dhahabu! Leo ana nyumba ya bati la rangi. Kama hayo ni malipo ya mema yake, naomba nitajiwe hata jema moja. Nyamizi anasema aliwahi kumpisha mama mjamzito kwenye foleni. Bati lote lile kwa kupisha?

3. Nilimwonya kwa upole pale mlangoni mwa kanisa: "Donatus, utajiri huu ni dalili mbaya." Akanijibu: "Basi niombee ugonjwa uzidi." Watu wakacheka, na wewe Mama ukiwemo.

Kwa hiyo nakuomba umfikishie Mungu ombi hili: ama anikatie kidogo kwenye fungu langu la ulimwengu ujao anipe sasa, ama Donatus aionje haki hapahapa, nami nikiona. Yote mawili yakishindikana, naomba ruhusa ya kanisa nianze uovu Jumatatu.

Wasalimie kwaya, akina mama wote na Baba Mchungaji.

Wako katika utakatifu unaouma,
Edward Mageni

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, duara la Donatus limetitia naye akiwa ndani. Nimekwenda na magongo yangu, nikayatupa, nikafukua kifusi kwa mikono huku nikimwita na kulia kama mtoto. Tumemtoa anapumua. Nyamizi amempakata kichwa njia nzima hadi hospitali. Ningeichana barua hii, ila naogopa Mungu alikuwa anasoma nilipokuwa naandika. Tafadhali Mama, piga magoti sasa hivi, uombe kinyume cha kila neno.