Gari Langu Nalo Lina Akili

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kanunua gari jipya. Eti shokamzoba zake, zile za kumeza mitikisiko, zina akili: zinaisoma barabara na kujilegeza zenyewe kabla ya shimo. Mwoka keki wa mtaani kwetu kapanda mara moja tu, sasa anataka keki zake zote za harusi zibebwe na shemeji. Kazi yangu hiyo! Ndiyo inayotulisha mimi na mke wangu. Nimemwambia mwoka keki kwamba gari langu nalo nimelifunga mtambo huo huo. Kasema atanijaribu Alhamisi, kwa keki ya ghorofa tatu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepunguza upepo wa matairi ili gari lilainike. Limelainika. Kwenye tuta la kwanza bomba la moshi limebaki barabarani. Mke wangu kanishauri nikaseme ukweli. Shemeji ni kaka yake, yeye atasema nini kingine?

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Mama mkwe! Leo nimemrudisha kutoka sokoni, kapakata trei ya mayai. Mashimo yote yale, na hakuna yai lililopasuka. Akiona shimo anajiinua kidogo, kwenye kona anaegemea, tuta likija anashusha pumzi. Nimemwomba kesho apakate keki. Kakubali papo hapo. Ana kinyongo na shemeji, mwanawe wa kumzaa, anayemkataza kula karanga ndani ya gari jipya. Kwangu ale atakavyo.

Alhamisi, 6 Machi
Keki imefika nzima! Hata ua moja la sukari halikuhama. Mama mkwe nilimfunika shuka afanane na kiti, nikamwachia matundu ya macho aone barabara. Mwoka keki akafungua mlango, akauliza mtambo uko wapi. Kabla sijajibu, kiti kikapiga chafya.
Mwoka keki hakukasirika. Akaondoa shuka taratibu, akasema, "Mama, wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta."

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe kapewa kazi. Atapakata keki ndani ya gari la shemeji. Shemeji karuhusu karanga. Mke wangu anasema angalau riziki imebaki kwenye ukoo. Imeniuma, sikufichi, shajara.
Ila nimemkumbuka baba mkwe. Ni mzito kuliko mama mkwe, na macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo mashimo hayatamtisha. Mayai nimeshanunua.