Risasi Yenye Jina Langu

Jumatatu, 9 Septemba

Kisu cha kukatia chemba, lile tundu la bunduki linalokaa risasi, kimefika leo. Wiki ishirini na mbili nimekisubiri! Kimelala kwenye karatasi ya mafuta, ubavuni kimechorwa HAUGSTAD. Ndiyo mimi, Lyle Haugstad. Nusu saa nzima nimekaa karakanani nakitazama tu. Kahawa imepoa.

Mpango ni huu. Nachukua ganda la risasi ya kawaida, ile ambayo nusu ya Idaho huwindia elki, kulungu wakubwa wa huku. Hilo ndilo ganda mama. Nalibana shingo, nalipanua mabega, napata risasi ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuipiga. Jumamosi naipeleka klabuni kwetu, tunakoshindana kulenga shabaha. Matundu matatu yakienea chini ya ukucha wa kidole gumba, jina langu linachongwa kwenye ubao juu ya jiko la kuni. Majina sita yapo. La mwisho ni la jirani yangu Orval Pruitt, na kila Jumamosi analipangusa vumbi kwa leso. Mbele yangu, makusudi.

Nina miaka sitini na tatu. Kisipochongwa kitu mwaka huu, nitakufa sijaandikwa popote ila kwenye bili ya maji.

Jumanne, 10 Septemba

Chemba nimekata mwenyewe. Laini kama kioo.

Sasa mabega. Ganda halijai chemba mpaka lipigwe humo ndani, na kuteketeza risasi nzima hamsini ni ufujaji. Wazee wa kazi hii wana njia: baruti kidogo, juu yake unga wa uji wa ngano, mdomo unazibwa kwa nta, unaelekeza juu, unafyatua. Unga ulikuwepo kabatini kwa Nadine, mke wangu. Nadine hakuwepo.

Ganda la kwanza lilitoka moto kiganjani. Jamani. Liliingia na mabega ya mzee aliyechoka, likatoka na mabega ya askari wa gwaride. Shaba imetii kwa kufumba na kufumbua, bila ufa, bila kunung'unika. Nimevua kofia nikiwa peke yangu uani.

Orval alichungulia juu ya ua akauliza kama nimetangaza vita na kifungua kinywa. Nimempuuza. Nilikuwa na uji kwenye nyusi.

Alhamisi, 12 Septemba

Kasheshe. Mama mkwe anakuja kesho na asubuhi hali kitu ila uji huo huo. Nadine amefungua kabati, akafunga, akaniangalia. Akaniwekea kopo tupu mkononi.

Duka liko maili arobaini. Nikajikaza nikaenda kuomba kwa Orval. Akasema unga anao, ila kwanza alione hilo ganda langu.

Nikampa. Akalipeleka dirishani, akaligeuza, akaligeuza tena. Akavaa miwani, akaligeuza mara ya tatu. Halafu akasema bega limekaa upande. Uongo mtupu: unga akanipa upesi, ganda ilibidi nimnyang'anye.

Jumamosi, 14 Septemba

Sijui niandikeje.

Nimepiga tatu. Shabaha ilipoletwa watu walidhani mbili zimekosa karatasi. Hazikukosa. Zote zimepita tundu moja. Watu wakaipokezana karatasi, maharage yakichemka jikoni. Orval mwenyewe akasema, kwa sauti ndogo, kwamba nipewe ubao.

Ndipo akatoka Bi Wilma Ostergaard. Ana miaka themanini na sita, ndiye anayeshika funguo za klabu na kupika. Mwiko bado mkononi. Akaomba kuona ganda langu, akalitazama, akaenda kwenye gari lake, akarudi na kopo la tumbaku. Ndani mna ganda tupu, limekuwa jeusi kwa uzee. Akaniambia, kijana, fungua bunduki yako. Likateleza ndani ya chemba yangu, komeo likafunga lenyewe: risasi ile ile yangu.

Alilitengeneza mwaka 1961, kwa tupa na mashine ya mkono, taa ya mafuta mezani. Ameangusha nayo elki thelathini na mmoja. Nikamuuliza kwa nini hakulipa jina. Akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza, na elki hawasomi.

Nililia. Nilisingizia moshi, ila nililia. Kwa macho na tupa, yule mama alifika pale ambapo mimi nimefika kwa kompyuta na wiki ishirini na mbili. Nikasimama nikasema jina lichongwe lake. Mikono yote ikapanda, wa Orval wa kwanza. Bi Wilma akauliza kama tumemaliza, maharage yanaungua.

Jumapili, 15 Septemba

Nadine amenikumbatia mbele ya mama yake. Kasema tangu harusi hajawahi kujivunia mimi hivi, hatimaye nimeelewa kwamba jina si kitu. Nimeitikia. Kweli kabisa, jina si kitu.

Baada ya ibada nimeazima funguo kwa Bi Wilma, nikasema nakwenda kuhakikisha wamemchonga vizuri. Wamemchonga vizuri sana.

Bega la ganda lake lina digrii arobaini. Langu jipya nimelichora arobaini na moja, na fundi wa visu nimeshamwandikia. Nilipanda ngazi na rula. Chini ya jina lake ubao umekwisha, ila juu kabisa, juu ya majina yote saba, kuna nafasi ya vidole viwili. Herufi zikibanwa, naenea.